Nimeitumia Sinopsisi ya Aland Mpaka Jalada Limelegea

Watu wakiniuliza waanzie wapi kujifunza uhakiki wa Biblia wa kitaaluma, wengi hutarajia niwatajie kitabu cha utangulizi: sura ya uhakiki wa matini, sura ya uhakiki wa vyanzo, ya maumbo, ya uhariri, na kila sura na msururu wake wa Wajerumani. Vitabu vya aina hiyo ninavyo, na vina kazi yake. Ila mtu anaweza kuvimaliza vyote, akafaulu na mtihani juu, na bado asijue wataalamu hao huona nini wanapofungua Injili. Mimi huwaambia wanunue sinopsisi kwanza, yaani Injili zilizopangwa safu kwa safu, kisa kilekile cha Mathayo, Marko na Luka kikisomeka ubavu kwa ubavu. Ninayoitumia ni ya Kurt Aland, Synopsis Quattuor Evangeliorum, iliyotoka Stuttgart mwaka 1963 na kuchapwa upya mara nyingi tangu hapo.

Mimi si mchungaji wala mhadhiri. Nakula kwa ukaguzi wa hesabu, na Kigiriki changu ni cha jioni, cha kusoma kamusi ikiwa pembeni. Yachukulie haya kuwa maneno ya mtumiaji, si ya bingwa.

Kabla hujanunua, angalia unanunua toleo gani, maana watu wanayachanganya. Toleo kubwa ni la Kigiriki, na chini ya kila ukurasa limesheheni: tofauti za miswada, nukuu za mababa wa Kanisa, vipande vya injili zisizokuwa za kanuni, yaani zisizoingia katika Biblia, na nyuma kabisa Injili ya Tomaso. Toleo la lugha mbili lina Kigiriki ukurasa wa kushoto na Kiingereza ukurasa wa kulia. Humo mababa na Tomaso hawamo. Anayeanza achukue hili la pili, na hata asiyejua Kigiriki ataweza kufanya sehemu kubwa ya kazi nitakazozieleza. Yote mawili yamegawa Injili katika vipande 367 vyenye namba, na kipande kinapoisha unaelekezwa kila mwinjili anaendelea wapi. Huu uelekezaji ni kitu kidogo, lakini bila huo ungepotea siku ya kwanza, kwa sababu Luka anaruka huku na huku.

Sasa kazi yenyewe. Fungua kisa cha mtu aliyepooza: Mathayo 9:1-8, Marko 2:1-12, Luka 5:17-26. Toa fotokopi ya ukurasa, usikichafue kitabu, kisha piga nyekundu kila neno lililomo katika safu zote tatu, bluu lililomo kwa Mathayo na Marko tu, kijani la Marko na Luka, njano la Mathayo na Luka bila Marko. Inachosha. Lakini baada ya muda jicho linaanza kuona mambo ambayo sikio halijawahi kuyasikia ibadani, kwa kuwa ibadani tunasomewa Injili moja moja na akili inajaza yenyewe yaliyopungua.

Safu ya Marko ina wabebaji wanne, umati umeziba mlango, paa linatobolewa. Luka naye ana paa, ila lake ni la vigae. Upande wa Mathayo hapo ni nafasi nyeupe: hakuna umati mlangoni, hakuna paa, mgonjwa analetwa tu akiwa kitandani. Halafu safu zote tatu zinakutana kwenye maneno mekundu: Yesu alipoiona imani yao. Kwa Marko na Luka unajua aliona nini, watu wametoboa nyumba ya mwenyewe. Kwa Mathayo aliona nini hasa? Sentensi imebaki, lakini tukio lililoipa uzito limeondolewa. Ni vigumu kuamini kwamba Mathayo aliandika kwanza bila paa, kisha Marko akaja kulijengea sentensi hiyo paa la kutoboa. Upande wa pili ni rahisi zaidi: Mathayo alikuwa na Marko mbele yake, akafupisha, na alama ya kufupisha ikabaki.

Shuka mistari michache. Yesu anasema, ili mpate kujua kwamba Mwana wa Adamu ana mamlaka duniani ya kusamehe dhambi, halafu sentensi inakatika, msimulizi anaingilia kati kutuambia kwamba sasa anaongea na yule aliyepooza, ndipo Yesu anaendelea: inuka. Sentensi hiyo imevunjika mahali palepale katika Injili zote tatu. Sisi wakaguzi tukikuta daftari za matawi matatu zina jumla moja iliyo sahihi, hatushtuki. Tukikuta zote tatu zimekosea kujumlisha kwenye mstari uleule, tunajua kuna mtu amenakili. Mashahidi watatu wanaweza kukumbuka neno moja la Yesu kwa namna moja. Kuikatiza sentensi yake kwa mabano yaleyale ni jambo la kalamu na karatasi. Mfano mwingine mzuri uko kwenye hotuba ya mlima wa Mizeituni, Marko 13:14 na Mathayo 24:15: Yesu anazungumza na watu waliokaa mbele yake, na katikati ya maneno yake linatokea “asomaye na afahamu”. Msomaji katokea wapi pale mlimani? Safu ya Luka, 21:20, haina maneno hayo. Yeye ameweka Yerusalemu iliyozungukwa na majeshi.

Rudi kwa yule aliyepooza, bado hatujamalizana naye. Rudolf Bultmann, mtaalamu wa Kijerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu historia ya mapokeo ya Injili Ndugu, yaani Mathayo, Marko na Luka, aliona kwamba humu mna vitu viwili vilivyoshonwa pamoja: kisa cha uponyaji, na mabishano juu ya kusamehe dhambi yaliyopachikwa katikati. Ukisoma maelezo hayo kitabuni yanasikika kama ubunifu wa profesa. Ukiwa na safu mbele yako unaona mshono wenyewe: maneno ya kwamba Yesu alimwambia yule mwenye kupooza yanatokea kabla ya mabishano, na yanatokea tena baada yake. Toa kilicho katikati, kisa cha uponyaji kinaendelea bila kujikwaa. Si lazima ukubaliane na Bultmann. Mimi mwenyewe nikisoma Marko mfululizo naona mabishano hayo yanaunganika vizuri mno na sura nzima. Lakini sasa unabishana naye juu ya kitu kilicho mezani.

Kisha tazama mwisho wa safu. Kwa Marko watu wanasema hawajawahi kuona kitu kama hiki. Kwa Mathayo wanamtukuza Mungu aliyewapa wanadamu mamlaka ya namna hii. Wanadamu, kwa wingi! Hapo huhitaji kukariri fasili ya uhakiki wa uhariri. Mwandishi ameigusa sentensi ya mwisho, na anachokiwazia kinaonekana ukienda mbele hadi Mathayo 18:18, ambako wanafunzi nao wanapewa kufunga na kufungua. Hivi ndivyo Mjerumani mwingine, Günther Bornkamm, alivyofanya na tufani ya Mathayo 8 katika makala yake ya mwaka 1948. Alitazama Mathayo amekiweka wapi kisa, amebadili nini, na wanafunzi wake wanaomba “Bwana, tuokoe” pale ambapo wa Marko wanamlaumu mwalimu kwamba si kitu kwake kuwa wanaangamia. Ukurasa mmoja wa sinopsisi, na mbinu tatu, ya vyanzo, ya maumbo na ya uhariri, umeziona zikifanya kazi. Ndiyo sababu nakisifu kitabu hiki kuliko vitabu vinavyozieleza mbinu hizo.

Jambo jingine ambalo kitabu hiki kinakuonyesha bila kusema neno ni urefu wa safu. Augustino, mnamo mwaka 400, alimwona Marko kama mtu aliyemfuata Mathayo na kumfupisha, na kwa karne nyingi wengi waliridhika. Sasa fungua kisa cha mwenye pepo wa makaburini: Marko 5 ana aya 20, Mathayo 8 ana 7. Binti Yairo na yule mwanamke mwenye kutokwa damu: Marko aya 23, Mathayo 9. Mfupishaji gani huyu anayeiacha Hotuba ya Mlimani yote, halafu visa kama hivi anavirefusha mara mbili au zaidi? Hoja hii nilikuwa nimeisoma zamani ikapita tu. Kuiona safu ya Marko inashuka mpaka chini ya ukurasa huku jirani yake ameishia juu ni jambo jingine kabisa.

Mahubiri ya Yohana Mbatizaji, Mathayo 3:7-10 na Luka 3:7-9, yatakupa njano tupu: wazao wa nyoka, shoka penye mashina ya miti, Mungu kuinua watoto wa Abrahamu katika mawe, karibu neno kwa neno kwa Kigiriki. Marko hana chochote hapo. Kwa Mathayo wanaokemewa ni Mafarisayo na Masadukayo, kwa Luka ni umati. Kwa njano ya namna hii Christian Hermann Weisse mwaka 1838 alipendekeza kwamba Mathayo na Luka walikuwa na chanzo cha pili zaidi ya Marko. Heinrich Julius Holtzmann akakiimarisha mwaka 1863, na B. H. Streeter mwaka 1924. Ndicho kinachoitwa Q. Hakuna mswada wake hata mmoja uliopatikana. Kipo kwa hesabu tu.

Na njano hiyohiyo ndiyo inayokisumbua chanzo hicho. Nenda Marko 14:65 na wenzake, Yesu anapopigwa. Kwa Marko wanamfunika uso, wanampiga, wanamwambia: tabiri. Kwa Mathayo na Luka yanaongezeka maneno matano ya Kigiriki, yaleyale kwa wote wawili: ni nani aliyekupiga? Kama wawili hawa hawakufahamiana, kila mmoja akimtumia Marko kivyake, maneno hayo matano wameyatoa wapi? Ajabu zaidi, Mathayo hana habari ya kufunikwa uso, kwa hiyo kwake swali lenyewe halina mantiki. Anayeona anaulizwa nani kampiga. Streeter alibana, akadai maneno hayo hayakuwamo kwa Mathayo hapo mwanzo, ni wanakili walioyavuta kutoka kwa Luka. Austin Farrer mwaka 1955 aliona njia fupi zaidi: Luka alimsoma Mathayo, na Q haihitajiki. Mark Goodacre ameendeleza hoja hiyo miaka yetu hii, na ndiye aliyenifundisha kuwinda mahali ambapo mhariri anachoka. Mathayo 14:1 anamwita Herode kwa cheo chake halisi, tetraka, yaani mtawala wa sehemu ya nchi, akimsahihisha Marko anayemwita mfalme. Kufika aya ya 9 amesahau, Herode amekuwa mfalme. Halafu mfalme huyo anahuzunika kumuua Yohana, wakati aya ya 5 imesema alitaka kumuua. Huzuni hiyo ina maana kwa Marko, ambako Herode alikuwa akimlinda Yohana na mke ndiye aliyetaka auawe. Luka naye, 9:10, anawapeleka wanafunzi mjini Bethsaida, na aya mbili mbele wanalalamika kwamba wako nyikani. Mkaguzi yeyote atawapenda watu hawa.

Nilipowaonyesha wenzangu wa kikundi cha Biblia ukurasa huo wa Herode, mzee mmoja aliutazama kwa muda, akaniuliza, “Sasa mwanangu, hapa nani amesema uongo?” Nilimjibu kwamba mimi sioni mwongo, mzee wangu, naona mtu anayefanya kazi akiwa na kitabu cha mwenzake mbele yake. Hakuridhika, na sikumlaumu. Hofu yake ni ya zamani sana. Mnamo mwaka 170 mwandishi Mkristo Tasiano aliziunganisha Injili nne kuwa simulizi moja, Diatesaroni, tofauti zote zikalainishwa, na makanisa ya Kisiria yaliipenda mno. Katika karne ya tano askofu Theodoreto alikusanya nakala zaidi ya 200 katika makanisa ya jimbo lake, akaziondoa na kurudisha Injili nne. Sinopsisi ni kinyume cha kazi ya Tasiano, na atakayeinunua akitafuta upatanisho atarudisha kitabu dukani.

Sasa malalamiko yangu, na si madogo. Kitabu hiki kinajifanya kioo kisichopendelea, na watu wanakipokea hivyo. Sivyo. Johann Jakob Griesbach, aliyechapa sinopsisi yake miaka ya 1774 hadi 1776 na kulipa jina aina hii ya kitabu, alizitazama safu hizohizo akahitimisha kwamba Marko ndiye wa mwisho, aliyetumia Mathayo na Luka wote wawili. William Farmer aliifufua hoja hiyo mwaka 1964, na Bernard Orchard akatengeneza sinopsisi nzima kwa kuifuata. Yaani mpangaji akihamisha kifungu juu kidogo au chini kidogo, ushahidi unaegemea kwingine. Aland amejitahidi kuwa mwadilifu, lakini lazima achague nini kiwe ulinganifu mkuu na nini kiwekwe kwa herufi ndogo kama ulinganifu wa mbali, na uchaguzi huo tayari ni nadharia.

Tazama kukataliwa kwa Yesu Nazareti. Marko anaiweka sura ya 6, Luka ameipeleka mbele kabisa, sura ya 4, kwa urefu na kwa vitisho vya kumtupa bondeni. Je, ni kisa kimoja kilichohamishwa? Mimi nadhani ndivyo, maana kwa Luka Yesu anasema watu wa Nazareti watamdai yale waliyosikia yametendeka Kapernaumu, wakati Luka bado hajamfikisha huko. Lakini uamuzi huo nataka niufanye mimi, nikiwa nimeona pande zote, na ukubwa wa herufi usiwe umeshaniamulia.

Ubaya mkubwa zaidi ni ukataji. Vipande 367 ni vipande vingi. Karl Ludwig Schmidt aliandika mwaka 1919 kwamba viungo vya Marko kati ya kisa na kisa ni kazi ya mwandishi, na kwamba visa vyenyewe vilizunguka peke yake. Sinopsisi imejengwa kana kwamba hoja hiyo ilishashinda. Marko 11 ndiye anayeumia. Anasimulia Yesu akiulaani mtini, anaingiza tukio la hekaluni, kisha anarudi kwenye mtini uliokauka. Mtini unaeleza hekalu. Katika sinopsisi kisa kimekatwa, kila kipande na namba yake na kichwa chake, na Mathayo, aliyeuweka mtini sehemu moja, anazidi kukuvuruga. Wahakiki wa masimulizi, walioanza kumsoma Marko kama hadithi nzima kuanzia miaka ya 1980, wana haki ya kukasirika. Dawa niliyoipata ni kuwa na Marko mtupu pembeni, Injili ya kawaida, na kumsoma mfululizo kabla ya kugusa safu.

Kuna na maswali ambayo safu hazijui kuyauliza. Mwanamke anayempaka Yesu mafuta yuko katika safu nne: Marko 14 na Mathayo 26 kichwani, Luka 7 miguuni na akiwa mwenye dhambi, Yohana 12 miguuni na akiwa Mariamu. Unaweza kushinda hapo ukipima nani kamnakili nani. Elisabeth Schüssler Fiorenza, mtaalamu anayeisoma Biblia kwa jicho la wanawake, alisimama kwenye Marko 14:9, ambapo Yesu anaahidi kwamba habari itasimuliwa kwa kumkumbuka mwanamke huyo, akauliza imekuwaje jina lake likasahaulika wakati la msaliti tunalo; kitabu chake cha mwaka 1983 kilipata jina hapo. Penseli za rangi zisingekufikisha kwenye swali hilo kamwe, ingawa baada ya kuulizwa unaweza kurudi kwenye safu na kuona Luka amemfanyia nini.

Kuhusu matini: Kigiriki kilichochapwa humu ni kilekile cha toleo la 26 la Nestle-Aland, Agano Jipya la Kigiriki linalotumiwa na wataalamu, la mwaka 1979, yaani matini iliyojengwa na kamati. Hakuna mswada mmoja wa kale unaosomeka hivyo mwanzo hadi mwisho. Hili lina uzito hapa kuliko kwingine, kwa sababu wanakili walikuwa na tabia ya kusawazisha Injili. Sala ya Bwana ya Luka 11, iliyo fupi, miswada mingi imeijaza kwa maneno ya Mathayo. Hata lile swali la nani aliyekupiga, baadhi ya miswada imempa Marko pia. Likiwa lake, tatizo la Q hapo linayeyuka. Kwa hiyo usiiruke ile mistari midogo ya chini iliyojaa alama, hata kama mwezi wa kwanza utaiona kama nambari za siri.

Karatasi ni nyembamba lakini wino hautokezi sana upande wa pili, na kitabu kikishazoea hulala wazi mezani. Herufi za chini zitakuumiza macho. Safu ya Yohana kurasa nyingi haipo kabisa, halafu ghafla anashika kurasa nzima peke yake. Ndivyo alivyo, si kosa la mpangaji. Za kielektroniki nimezijaribu. Kwenye simu safu zinajipanga moja chini ya nyingine na kazi yote inakufa. Kwenye kompyuta yenye kioo kipana inawezekana, na kutafuta neno ni haraka zaidi, lakini kwa ile kazi ya rangi nne bado narudi kwenye fotokopi.